Rinda Nililojiwekea

Syombua,

Huna adabu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo limenikaa kooni tangu tukufunike na udongo, na nikianza na salamu nyingi nitakuwa nakudanganya. Nani alikuambia unipite? Kwenye foleni ya kwenda huko mimi ndiye nilikuwa mbele, na hii miguu yangu mibaya na meno yangu ya kuhesabika, nikiwa nimejitayarishia hata nguo. Wewe ulikuwa nyuma kabisa, na pini mdomoni. Umenipita mimi nyanya yako bila hata kusema, "Susu, nipishe."

Unajua mimi si mtu wa kalamu. Kikamba nakiongea, lakini mkono wangu ulifunzwa Kiswahili kule ngumbaru, darasa la watu wazima, na wewe ndiye ulikuwa ukizicheka herufi zangu, eti zimekaa kama kuku walionyeshewa. Basi cheka. Leo zimelala kabisa.

Wameweka msalaba. Baba yako aliandikisha jina kwa rangi nyeusi, na hilo jina ni langu. Wewe ni kifungua mimba wa mwanangu, kwa hivyo ulipewa mimi kama inavyotakiwa, na siku niliyokupakata mara ya kwanza waliniambia, "Haya, jione." Sasa kila asubuhi nikienda kufungua mbuzi napita hapo, najisoma juu ya kaburi, na niko hapa hapa na kamba mkononi. Mtoto wa jirani aliniuliza kama mimi ndiye nilikufa. Nilimwambia, nusu.

Nikupe habari. Mahali pako pale soko la Kikima, kati ya yule wa parachichi na yule wa viatu, wamama walipaacha wazi kwa muda. Hakuna aliyetandika gunia lake hapo. Halafu akaja msichana mmoja na mabeseni ya plastiki. Sikumlaumu, mtu lazima auze. Lakini niliona blausi yake imembana hapa makwapani, na ulimi ukaniwasha kumwambia ainue mikono. Nilienda zangu nikakaa nyuma ya choo cha soko nikalia kama mtoto aliyechapwa.

Wewe na hiyo mikono yako ya kuinua! Mtu alikuwa hanunui gauni la mtumba kwako aende hivi hivi. "Inua mikono, mama. Juu, kama unaangua parachichi. Sasa inama, unang'oa maharagwe. Sasa kaa. Sasa vuta pumzi nikuone." Mwanamke mzima, mke wa mchungaji, anachuchumaa katikati ya soko na watu wanatazama. Wenzako wa mitumba walikuwa wakikupigia kelele: "Wewe Syombua, hapo ni duka ama ni jeshi?" Na wewe unajibu bila kugeuka: "Nyinyi mnauza nguo. Mimi namvalisha mtu."

Na kama nguo imekataa kuinama, unaibeba nyumbani. Jioni nasikia cherehani, trrr, trrr. Unafumua kwapani unatia kipande. Unang'oa zipu unatia lastiki mgongoni. Unatia mifuko. Ikirudi sokoni hakuna anayejua ni mtumba. Yule mwalimu aliyekuwa akipanda bodaboda amekaa upande kama gunia la mkaa, kwa sababu sketi yake ilimfunga magoti, wewe ndiye ulimfungulia sketi ikawa inamwagika, akapanda kama watu, magoti yamefunikwa, na bado anapendeza. Alikuja matangani. Alikuwa ameivaa.

Wewe mwenyewe sasa! Maringo! Unaenda kuchota maji kama mtu anayeenda kupigwa picha. Dera umelikata likafika kwenye muundi, mkanda wa kitambaa umefungwa legelege, viatu vya raba vyeupe, kitambaa cha kichwa rangi ya maua ya maharagwe. Nilikuwa nakugombeza pale mlangoni: "Nani atakuona huko mtoni?" Na wewe: "Kwani maji hayana macho, Susu?"

Hayo madera uliyatoa Mwingi, ulipoenda kukaa kwa shangazi yako Ndunge. Ulirudi hapa umejaa habari za wale wamama wa Kiislamu wanaouza vitambaa, eti wanatembea kwenye lile jua kama kila mmoja amebeba kivuli chake. Ulikaa kwenye baraza ya mmoja wao mpaka akakuonyesha jinsi ya kukata. Mimi nikasema hiyo ni nguo ya Waislamu, kanisani watasema nini. Ukaniambia, "Susu, jua la Mwingi haliulizi mtu dini." Jumapili iliyofuata ukaingia nalo kanisani, na kabla ya Krismasi nusu ya kwaya ilikuwa imekuja kwa mlango wangu kuulizia fundi.

Watu walidhani ni maringo tu. Mimi nilijua.

Nilijua kwa sababu mama yako alikuwa ameshaondoka kwetu, na ni mimi nilikuwa nikikufungua vifungo. Ulikuwa darasa la tano daktari aliposema moyo wako una mlango mmoja usiofunga vizuri. Sikuelewa, lakini nilielewa nilichokiona: ukifungwa tai ya shule shingoni, midomo inageuka rangi. Ukifungwa mkanda, unakaa chini njiani. Walimu walikuwa wakikurudisha nyumbani kwa uchafu, eti hujafunga kifungo cha juu. Nguo ya kwanza kushona maishani mwako ilikuwa sare yako mwenyewe. Uliifumua pembeni kwa wembe, ukaongeza kitambaa cha pazia langu la bluu, na ukaipiga pasi hata ikawa nzuri kuliko za wengine. Ukaniambia, "Susu, angalia, napumua na sijakaa vibaya." Hiyo ndiyo kazi yako yote, mwiitu, binti yangu. Ilianza hapo kwa pazia langu. Sikuwahi kukulipisha pazia.

Halafu ukanigeukia mimi. Mimi ambaye sikukukosea kitu! Sweta ya babu yako yenye viwiko vilivyotoboka, sketi iliyoshikwa na pini, leso mbili juu, moja ya baridi na moja ya kuficha ile pini. Na gauni zuri sandukuni likingoja kanisa. Ulikuwa unasimama hapo mlangoni umeshika kiuno: "Jumapili peke yake ndiyo inakuona umependeza? Sisi wa siku zingine tumekukosea nini, Susu?" Nikakuambia ondoka hapa, mimi ni mtu wa mbuzi.

Ndipo ukanishonea lile rinda.

Kitenge cha rangi ya udongo wetu mvua ikishapita, na majani ya kijani yamepanda kutoka chini. Shingo pana. Mikono mipana, na kile kipande chako kwapani. Mifuko miwili mirefu, na ndani ya mmoja kimfuko kidogo cha ugoro wangu, ambacho mchungaji hawezi kukijua. Ukanivalisha, ukaniambia niinue mikono, niiname, nikae, nivute pumzi. Nikafanya yote kama mjinga mbele yako na mbele ya kuku. Ni kweli halikunivuta popote. Nilijisikia kama sijavaa kitu, na wakati huo huo nimevaa kuliko siku ya harusi yangu.

Nikalivua. Nikalikunja, nikatia majani ya mwarobaini katikati, nikaliweka chini kabisa sandukuni. Nikasema, "Hili ndilo nitazikwa nalo." Mimi niliona nimekupa heshima. Kila mwanamke wa rika langu ameweka yake. Kwani ningekupa heshima gani nyingine?

Ukasema polepole, "Mimi sishonei kaburi, Susu. Nashonea mtu." Ukataka nilivae shambani. Nikakuambia umerukwa na akili, kitenge kama hicho kwenye mavi ya mbuzi? Kutoka hapo ikawa ndiyo vita yetu. Ukija unafungua sanduku, unalitandika kitandani. Ukiondoka, nalikunja narudisha. Ndunge akitupata hapo anacheka mpaka anashika ukuta: "Syombua mkubwa na Syombua mdogo wanapigania gauni moja." Hakuna aliyeshinda. Nilidhani tuna wakati.

Halafu ikaja ile baridi ya ukungu, unaijua baridi ya hapa Kikima, inaingia hata kwenye mifupa ya nyumba. Ukaanza kukohoa. Miguu ikafura. Ukanunua viatu vya raba vikubwa, vyeupe kama vile vya kwanza, ukaniambia ni mtindo mpya. Muongo wewe. Nilikuona ukisimama katikati ya mlima umeshika mti, unajifanya unaangalia maua.

Baba yako alikukimbiza hospitalini, na waliokupokea huko walikata ile nguo ya njano uliyovaa kwa makasi. Siwalaumu. Walikuwa wanautafuta moyo wako haraka. Lakini baba yako aliporudi na ile nguo kwenye mfuko wa plastiki, vipande viwili, nilijua kabla hajafungua mdomo. Alisimama hapa jikoni, mwanaume mzima na mvi zake, akasema, "Mwaitu ametuacha." Mama yangu ametuacha. Amekuita hivyo tangu ulipozaliwa, kwa sababu ya jina. Na mimi mwaitu wake aliyemzaa nilikuwa nimesimama mbele yake na mwiko wa kupikia muthokoi mkononi. Hakuniona. Na mimi kwa dakika hiyo sikujua ni nani kati yetu amekufa.

Sasa nikuambie ya Ndunge, na usimkasirikie. Alikuja kutoka Mwingi na gauni la harusi. Jeupe, la kung'aa, kiuno kimekazwa kwa vijiti vya ndani, na lesi mpaka hapa chini ya kidevu, na vifungo vidogo vidogo nyuma vimepangwa kama meno. Alilia akasema, "Hajaolewa, Mama. Wacha basi aolewe leo." Ndivyo wanavyofanya siku hizi kwa wasichana, na alifanya kwa mapenzi. Nikaliangalia lile gauni. Nikaangalia ile shingo. Nikasema, "Ndunge, hii itambana." Akanitazama kwa huruma kama mtu anayetazama mzee aliyechanganyikiwa. "Mama, amekufa. Atabanwa na nini?"

Nilienda tu chumbani, nikafungua sanduku, nikatoa mwarobaini, nikalitia lile rinda kwenye kiondo, nikafunika na leso. Sikumwambia mtu.

Mochari tulikuwa mimi na Ndunge. Yule mzee wa kazi alikuwa mpole, alitupa pole yake vizuri. Wakajaribu lile jeupe. Mikono yako ilikuwa imekataa kupinda. Mzee akasema bila neno baya lolote, "Tutalipasua mgongoni, mama, tulilaze juu yake, tufunike. Wote tunawafanyia hivyo. Mbele haionekani." Na akachukua makasi.

Syombua, nilipoona hayo makasi sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema, "Weka chini." Akaniangalia. Nikasema tena, "Weka chini hayo makasi, baba. Huyu amekatwa nguo mara moja akifa. Hakatwi tena." Ndunge akaanza, "Mama, tafadhali, usituaibishe hapa." Nikatoa rinda kwenye kiondo.

Alilijua. Nani kwetu hakulijua? Akashika mdomo. "Mama, hilo ni lako. Hilo ni lako la..." Hakumaliza. Nikamwambia, "Hili ni la Syombua. Kwani huyu anaitwa nani?"

Tukakuvalisha mimi na yeye. Niliingiza mkono wangu kutoka mwisho wa mkono wa rinda, nikapanda nao mpaka nikafikia vidole vyako, vile anavyovalishwa mtoto mchanga. Vilikuwa baridi. Nikavishika, nikavuta polepole. Ukaja. Ukaja wote mpaka begani, mwiitu, kile kipande chako cha kwapani kikafunguka chenyewe na hakuna uzi uliolia. Na mkono wa pili vile vile. Halafu, na usinicheke, nikakuinua mikono. Kidogo tu, pale ilipokubali. Nikatazama. Rinda lilienda nayo. Halikukuvuta popote.

Shingo ilikuwa wazi. Koo lako lilionekana.

Ndunge alikaa chini kwenye ile sakafu ya maji akalia kilio cha kuzaa. Kisha akainuka, akajifuta, akakufunga mkanda wako wa kitambaa. Aliufunga legelege, bila kuambiwa na mtu. Nikatia chaki yako ya kuchorea vitambaa kwenye mfuko wa kulia. Usiniulize kama inaruhusiwa.

Matangani walisema. Unawajua. "Msichana wa watu anazikwa na nguo ya sokoni." Nikawajibu ndiyo, ya sokoni, na ni mimi nimemvalisha, mwenye neno aje aniambie usoni. Hakuja mtu. Lakini baba yako alipotupa udongo akaanza kuita, "Mwaitu! Mwaitu!" na wanaume wamemshika, watu wote wakanigeukia mimi, kama ni mimi nimeitwa. Basi nikaitika. Nilisema, "Niko hapa." Nani mwingine angeitika? Wewe ulishindwa.

Siku ya kugawa nguo zako binamu zako walijaa nyumbani, wameshaanza kuchagua kwa rangi. Nikawaambia wasimame. Hakuna anayeondoka na nguo ya Syombua kabla hajainua mikono. Nikakaa kwenye kiti chako cha cherehani, mmoja mmoja akapita mbele yangu. Inua. Inama. Kaa. Vuta pumzi. Yule binamu yako mnene aling'ang'ania ile koti ya jinzi, uso umemvimba, anasema, "Susu, inanitosha," na sauti haitoki. Nikamwambia vua kabla hatujachimba kaburi lingine. Wakacheka. Nyumba nzima ikacheka, na halafu wote wakalia kwa pamoja, kwa sababu wewe ndiye ungecheka zaidi.

Mimi nilichukua vile viatu vikubwa vya raba. Navivaa na soksi mbili. Vinanikaa vizuri, havinigusi kile kidole kibaya, na kila asubuhi nikifunga kamba naona jinsi miguu yako ilivyokuwa imefura na ulivyonidanganya. Nakugombeza hapo hapo kwenye kamba. Mbuzi wamezoea.

Wiki hii Ndunge amekuja tena. Alikuwa amebeba kitambaa kizuri, kitenge, karibu kifanane na kile. Akasema, "Mama, nguo yako ulimpa Syombua. Wacha tukushonee nyingine ya kuweka." Alisema kwa adabu. Nikafungua sanduku nikamwonyesha. Liko tupu, limebaki na majani makavu. Nikamwambia litabaki hivyo. Kile kitambaa nimekichukua, mimi si mjinga, lakini kinashonwa nguo ya kuvaa kesho.

Na lile gauni la kanisa nimelitoa. Nilimpelekea yule fundi mwingine wa stendi anitilie mifuko. Mungu anisamehe, ile si mifuko, ni mizaha. Simu imeangukia kwenye kinyesi mara ngapi. Mbuzi mweupe ametafuna pindo. Nimemwagikiwa na chai. Leo ni siku ya kawaida tu, hakuna harusi, hakuna mchungaji, na niko nalo hapa nikikuandikia, na wino umeshafika kwenye mkono wake. Umefurahi? Hii ndiyo vita yetu, na umeshinda, na huna hata aibu ya kuja kucheka.

Nimechoka. Nitakuambia neno moja, na ujue nalishika kama ninavyoshikaga maneno yangu.

Sijiwekei nguo nyingine ya kuzikwa. Nimemwambia Ndunge na nimemwambia baba yako, akalia, lakini amesikia. Siku wakinikuta nimelala, wanizike na nitakachokuwa nimevaa siku hiyo, na vumbi lake, na ugoro mfukoni, hata kama mbuzi wamekula nusu. Hutanipata huko na kitu kipya kinachonuka mwarobaini. Utanijua kwa kuchakaa. Nitafika hapo ulipo, nitainua mikono yote miwili juu kabisa, bila kuambiwa, na wewe utaangalia kwapani kama kawaida yako, na uniambie kama inavuta.

Lala basi, mwiitu. Usifunge kifungo cha juu.

Ni mimi, Syombua aliyebaki.